Nyungunyungu wa Kipande cha Tatu

Urambo,
Ijumaa, 15 Novemba 1957

Mpwa wangu Silasi,

Marahaba. Shikamoo yako sijaisikia, lakini najua umeitoa mara tu ulipouona mwandiko wangu juu ya bahasha, kwa hiyo naipokea. Habari za Tabora, na za ukarani wako hapo stesheni? Lile jino umeling'oa? Sisi huku wazima. Mama yako, dada yangu Koleta, hajambo kabisa. Kifua kimemwacha tangu nilipomchimbia ile mizizi niliyofundishwa vitani Bama tulipopigana na Mjapani, dawa ambayo madaktari wa jeshi waliniomba kwa machozi nikawanyima. Mvua za kwanza zimenyesha. Juzi nilipiga matuta mia mbili kabla uji haujapoa.

Sasa nikupe habari za Mzungu wetu. Jina lake linataka ulimi wa kuazima, kwa hiyo tunamwita Bwana Nyungunyungu. Ni mtu mzima wa miaka thelathini na ushei, ndevu anazo, na bado mwanafunzi! Mimi shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiari yangu, walimu wakabaki wanalia. Yeye mpaka leo hajatosheka. Anasema anasomea udaktari. Mzee mmoja akampelekea mguu wake uliovimba, Bwana akajibu kwa Kiswahili chake cha kupapasa kwamba yeye atakuwa daktari wa udongo. Tulicheka hadi mzee mwenyewe akasahau mguu. Udongo kwapa lake liko wapi, upimwe homa?

Kazi yake ni hii. Miaka mitatu iliyopita alimwomba mama yako pembe ya shamba, ile iliyo karibu na zizi, akaigawa vipande vinne: karanga, mtama, tumbaku, na cha nne kikaachwa kiote majani. Kila mwezi anapiga magoti, anachimba shimo la mraba, anauchekecha udongo kama mwanamke achekechavyo unga, kisha anahesabu nyungunyungu, mchwa, na vidudu ambavyo hata kuku wangu hawavitaki. Vyote anaviandika daftarini. Ati anatafuta zao gani huuacha udongo hai na lipi huuua. Babu yetu alibeba pembe ya ndovu toka Ujiji mpaka pwani kwa bega moja, bega la pili kabeba mbuzi wa kula njiani. Angemkuta dume zima linahesabu chambo na wala haliendi kuvua, angetua mzigo akacheka mpaka msafara umwache.

Mimi nikafanywa mnyapara wa kipande cha tatu, cha tumbaku. Cha kwanza, cha karanga, akapewa Pelagia, yule mjane jirani yetu. Unamjua Pelagia na mdomo wake. Mwaka wa kwanza tumbaku yangu ilikuwa na majani ya kumfunika ndama. Mwaka wa pili hivi hivi tu. Wa tatu ikatoka imekunjamana kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Kila Jumapili Pelagia akienda misa na wenzake alisimama kwenye ncha ya matuta yangu, akauliza kwa sauti kama ile ni tumbaku au mchicha, na kama mikono yangu ya kulimia niliisahau Bama. Nawe unajua huku kwetu mtu husomwa kwenye matuta yake. Tuta likidhoofu, watu hulitaja hata siku ya kukuzika.

Basi mwezi wa tisa Bwana akaita watu barazani. Alikuwa anatetemeka kwa furaha. Akasema daftari lake limeonyesha kwamba udongo wa tumbaku, mwaka wa tatu, una nyungunyungu mara mbili ya ule wa karanga, na kwamba yote aliyofundishwa Ulaya yamepinduka. Bwana Shamba naye akadakia kwamba kumbe tumbaku inaweza kulimwa hapa mwaka hadi mwaka bila kupumzisha ardhi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya Bwana, kofia upande, nikipokea makofi. Pelagia aliinamisha kichwa. Nilinenepa siku ile.

Mama yako alisikia. Ameamua shamba lote liwe tumbaku, hata tuta moja la karanga asibakize, na wiki iliyopita ameanza kugawa mbegu yake ya karanga kwa majirani. Shamba lile lile lililokulea wewe, Silasi.

Keti chini kama umesimama. Nyungunyungu wale hawakuletwa na tumbaku. Niliwaleta mimi.

Nilidhani ni mashindano. Ungedhani nini wewe, watu wanagawiwa vipande, kisha Mzungu anapita na daftari? Nikaona siwezi kushindwa na Pelagia. Jumapili, watu wakiwa kanisani, mimi nilisingizia goti, nikabeba samadi kutoka zizi la mama yako, tenga baada ya tenga, nikaifukia ndani ya matuta kama tufukiavyo majani. Msimu mzima wa mwaka ule wa tatu; tumbaku haikupona, ila nyungunyungu waliifuata samadi. Bwana hakuniuliza, alinisifu tu.

Jana nilikwenda kwenye ncha ya mwisho ya kipande, ambako matenga hayakufika kwa sababu nilichoka. Nikapiga magoti. Mimi, Silasi! Nikachimba shimo lake la mraba, nikachekecha, nikahesabu. Nyungunyungu mmoja, naye hoi. Nikaenda kwenye kipande cha Pelagia, nikachimba vilevile: kumi na tisa. Pelagia alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Badala ya kunicheka aliinama, akanishikia chekecheke, na hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi ijayo Bwana atapita hapo kwa treni na masanduku yake ya udongo, aende kwao akamalizie udaktari wake. Kumwambia uso kwa uso nimeshindwa. Nimemcheka miaka mitatu. Wewe Kiingereza unakijua. Mfuate kwenye behewa lake, mpe hivi vifurushi viwili nilivyomkabidhi Mussa wa reli pamoja na barua hii. Chenye fundo moja ni udongo wa tumbaku bila samadi, chenye mafundo mawili ni udongo wa karanga. Mwambie ahesabu upya. Usimwambie kwamba nimesema kazi yake ni kazi. Akiuliza nani aliyemharibia, taja jina langu lote, la ubatizo na la baba.

Mama yako nitamwambia leo jioni. Gunia la mbegu lililobaki nimelihamishia kwangu, na hapa ninapoandika nimelikalia.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani kwako, na jino hilo ling'olewe.

Ni mimi mjomba wako,
Sylvester Bundala,
Mnyapara wa Kipande cha Tatu, mpaka Alhamisi.