Flashi Iliyobaki Nyuma ya Mashine

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa kwenye jalada, anajulikana mtaani kama Zima-Washa
Umri: miaka 34
Kazi: fundi kompyuta
Makazi: nyumba za nyuma ya kiwanda cha magodoro
Tarehe: 16, saa 4:30 asubuhi

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Karani wa shule ya sekondari mliyemweka mahabusu tangu juzi ni dada mkubwa wa mke wangu. Ndiye aliyenitafutia kazi ya kutunza kompyuta za shule hiyo.

Mnamo tarehe 13 mwezi huu, saa 9:00 alasiri, nilisasisha programu ya msingi ya kompyuta yake, ile inayoiamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote. Nilitumia flashi yangu. Nilikuwa nawahi mteja mwingine, nikaondoka bila kuiwasha tena kuona inaendaje.

Tarehe 14, saa 2:15 asubuhi, alinipigia. "Shemeji, mashine inazunguka tu, haifunguki." Mwisho wa kutuma majina ya watahiniwa 62 ulikuwa saa 4:00 kamili. Nilimwambia, "Zima, washa tena." Ndilo neno langu kwa kila mashine, ndiyo maana wananiita hivyo. Saa 2:40 nikarudia. Saa 3:05 alikuwa analia. "Shemeji, nakufa mimi." Nikamwambia azime, awashe. Saa 3:30 vile vile. Angeiacha, ingechukua saa nzima lakini ingefunguka. Kila alipozima ilianza upya.

Nilifika saa 4:20, muda wa kutuma majina umeshapita. Mkuu wa shule alikuwa mlangoni akisema karani ameiharibu makusudi kwa sababu alinyimwa likizo. Niliingia chini ya meza, nikaikuta flashi yangu bado imechomekwa. Ule usasishaji ulikuwa umerudisha mipangilio ya kiwandani, kwa hiyo mashine ilianza kutafuta kwenye flashi, inakosa, inajaribu tena na tena kwa muda mrefu kabla ya kugeukia diski yake. Niliichomoa nikaitia mfukoni. Mashine ikafunguka chini ya dakika moja.

Mkuu aliuliza, "Ilikuwa na nini?" Nikasema sijui. Shemeji alikuwa ananitazama. Saa 4:50 polisi walimchukua na mimi nilinyamaza. Niliogopa kupoteza kazi.

Jana mke wangu aliniuliza, "Dada atakuwa amelalia nini huko?" Naona aibu, afande, mpaka ya kuwatazama wanangu. Naomba mumtoe. Kama lazima mtu abaki ndani, mimi niko hapa.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Nimesomewa, nimeyakubali, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimepokea flashi moja nyeusi kama kielelezo. Karani ameachiwa saa 5:40 asubuhi. Alipoelezwa sababu, alisema alimwona shahidi akiitia flashi mfukoni. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku zote mbili. Alijibu, "Ningemwambia nini mdogo wangu?"