Gia Imeregea

Mjukuu wangu Wafula,

Huku Kibomet hatujambo, mahindi yamebeba vizuri. Unauliza kama kebo ya gia ya hiyo gari yako kuukuu ya spoti inaweza kubadilishwa nyumbani. Inaweza. Yangu ilikatika asubuhi ile ulipozaliwa Bungoma.

Nilitafuta kebo mpya mjini, nikaingia chini ya gari, nikaipachika kwenye giaboksi. Nyanya yako alikaa ndani akitingisha leva. Nikamuuliza, "Iko aje?"

"Imeregea!"

Nikajua gia imerejea, imerudi kazini, basi tukaondoka mbio. Kumbe kwao Bokoli l ni r. Alimaanisha imelegea. Kebo ikachomoka tukipita Kiminini, gari ikabaki gia ya pili. Tukatambaa hivyo hadi Bungoma, malori yakitupigia honi, naye akisema, "Si nilikuambia, bana!" Tulikukuta umelala.

Kwa hivyo ukishaipachika, ivute kwa mkono wako mwenyewe. Usiulize mtu.

Nyanya yako anachungulia hapa. Anasema gari ikipona uregee nyumbani tukuone. Safari hii nimemwelewa.

Guka wako