Ulanzi wa Kalenga na Mahindi Yetu

Dada Neema, shikamoo, au kamwene kama wanavyosalimiana hapa Kalenga!

Baridi inauma ila nimeshiba. Jana tuliwaeleza wakulima kuhusu mahindi yetu ya maabara, yale tuliyoyahariri vinasaba yavumilie ukame. Mwenyeji wetu, Mama Tulia, akaleta ulanzi, pombe yao ya mianzi. Akanywa yeye kwanza ndipo akanipa kopo, maana desturi yao mgeni lazima aone hakuna sumu.

Kisha akaniuliza, "Na hayo mahindi yenu, nani ameyaonja?"

"Bado, mama. Kibali cha kuyala hakijatoka."

"Kikitoka, mje mpike hapa. Utangulie kula wewe, pamoja na ndugu yako unayempenda kuliko wote."

Nikakubali. Nimekutaja wewe.

Wabusu watoto.
Mdogo wako, Upendo