Nitalifikiria

Mume wangu,

Sisi tu wazima. Mwanao ameota jino la pili, na akinyonya ananiuma mpaka machozi yananitoka. Wifi alipita Jumapili, akauliza, "Mkalimani wetu hajambo? Mwambie asije akasahau Kiswahili!" Nikacheka naye. Sikumwambia kwamba unaosha magari.

Sikusimangi. Ulipohitimu ulisema Kijapani kitakufungulia milango: ukalimani, utalii, ualimu. Imekuwa milango ya magari yaliyotumika. Hata vile vibandiko vya Kijapani vya kwenye magari ulivyokuwa ukiwasomea wateja, sasa bosi anavielekezea simu, na simu inamsomea. Hilo si kosa lako.

Ila nilikuandikia kwamba shule ya hapa jirani inatafuta mwalimu wa darasa la kwanza, urudi tuanze upya. Ukanijibu neno moja: "Nitalifikiria."

Baba, si wewe uliyenieleza kwamba Mjapani hakatai kwa mdomo? Kwamba akisema atalifikiria, ndiyo amekataa, usimngoje? Kampuni ngapi zilikujibu hivyo, nawe ukazichana barua zao siku ileile?

Basi nimekuelewa. Sikusoma sana, lakini hilo ulinifundisha vizuri. Nimemwambia mwenye nyumba kwamba chumba kimoja kinatutosha, mimi na mtoto. Tunahama mwisho wa mwezi.

Kama nimekutafsiri vibaya, usiniandikie. Njoo unisahihishe kwa mdomo wako.

Jifunike vizuri, huko kuna baridi.

Mimi,
mama wa mwanao