Kilima Chenye Mwenyewe

Mama, shikamoo. Itikia hapo hapo Likoni, huku Kisauni nitasikia.

Juzi nilipanda Mwakirunge kupiga picha ya kilima na minazi, kama alivyoagiza mwenye duka la postikadi. Nilipokwisha kutega kamera, Bi Kadzo, mwenye shamba, akaja amejitanda leso mpya nyeupe akasimama katikati. Nikamwomba asogee kidogo. Akasogea kidogo kweli, mbele ya mnazi wa pili!

"Bibi," nikamwambia, "nataka kilima peke yake, bila mtu."

"Bila mtu?" akanijia juu. "Wazungu wakiiona watasema shamba halina mwenyewe! Piga hivi hivi, mwanangu, kisha uje ule."

Nikapiga, kisha nikala muhogo wa nazi hadi kuinama kuokota mkoba ikawa kazi.

Geuza kadi. Kile kidoa cheupe chini ya mnazi ndiye yeye. Mwenye duka ameikataa, basi iwe yako.

Ijumaa nitakuwa nyumbani, inshallah. Toa leso yako ya Idi sandukuni, Mama. Minazi yetu nimeipiga picha mara ngapi, wala siku moja sikukwambia usimame chini yake.

Mwanao, Athmani