Koti la Kompyuta

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimethubutu. Nimefungua dirisha la chumba cha kushonea, nimekaa kwenye kiti cha mke wangu. Tangu tumzike sikuwa nimekaa pale. Ni kitinda mimba wetu aliyenichokoza, kwa simu, kutoka huko mbali aliko. Anataka lile somo la kukata gauni la mikono. Mama yake alilirekodi akiwa anakata, mkasi huku, maneno huku, ili binti ajifunze. Faili likawa zito, kulituma kukashindikana. Limebaki humo ndani ya kompyuta, na mimi mwenyewe sijawahi kulisikia!

Nimebonyeza. Kimya. Nimebonyeza tena – hata taa haikuwaka. Kazi yangu yote ilikuwa kusoma mita za umeme za watu, na leo umeme wa nyumbani kwangu unanitoa jasho.

Jumanne, 4 Juni
Nimebadilisha soketi. Nimechomoa waya wa birika nikauchomeka kwenye kompyuta – unaingia, lakini mashine imenuna vilevile. Nimemwita fundi. Watu wanamwita Pole, maana kila mashine anayoifungua huipa pole kwanza. Kasema pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia umeme, imekufa. Kaweka nyingine. Taa ya kijani! Nimepiga makofi kama mtoto.

Alipoondoka nimeifuta mashine, nikaivalisha koti lake. Mke wangu alisema vumbi ni adui, akaishonea koti la kaki, mkanda mwekundu pembeni, tundu moja mbele la kubonyezea. Lina kola! Nilimcheka mpaka nikapaliwa. Akasema ningoje, langu linafuata.

Kisha nikafungua somo. "Haya mwanangu, kwanza kunja kitambaa mara mbili." Sauti yake, Mungu wangu. Nimelia bila aibu, nani ananiona. Amefika kwenye shingo ya gauni – pap! Giza.

Alhamisi, 6 Juni
Inazimika. Naiacha ipoe, naiwasha, naanza upya, inazimika tena palepale kwenye shingo. Mgongo wake umechemka, unaweza kunyooshea nguo. Binti anasema nivute mbele, nianzie katikati. Nimemwambia mama yake hakatizwi maneno, anajua hilo. Kasema basi nimpelekee fundi, ang'oe diski, ahamishie kwenye simu. Nimekataa pia. Sauti ya mtu haing'olewi kama jino. Kasema mimi ni kichwa kigumu. Kweli.

Nimeshakariri sehemu ya mwanzo. Nyuma ya sauti yake kuna redio, na mvua juu ya bati. Na bomba la jikoni – tii, tii, tii. Alinisumbua kweli kuhusu lile bomba. Nikalitengeneza, akanisifu kwa majirani. Leo natamani nisingeligusa.

Naogopa jambo moja tu. Mashine hii siku moja itakufa moja kwa moja, na mimi sijamsikia mke wangu mpaka mwisho.

Ijumaa, 7 Juni
Pole kafungua ubavu wa mashine, kaipa pole, kachungulia, kapiga mluzi. Feni imekabwa. Kavuta bonge la nyuzi na manyoya ya vitambaa, limeshikana kama blanketi la mtoto mchanga. Kompyuta na cherehani vimekaa meza moja miaka yote hiyo, unategemea nini! Nimeliangalia kwenye mwanga. Bluu – sare za shule. Nyeupe – gauni la harusi la jirani. Zambarau – ile blauzi aliyovaa nilipostaafu, akacheza mpaka viatu vikakatika.

Pole alitaka kulitupa. Nikamshika mkono. Kanitazama, kasema, "Pole, mzee." Kisha kapaka ule uji mweupe wa kupozea, karudisha feni, inazunguka bila kelele. Bonge nimeliweka kwenye kopo la vifungo.

Jumapili, 9 Juni
Imezimika tena!! Safari hii amefika kwenye kwapa. Nimempigia Pole simu kwa hasira, kaja na nguo zake za Jumapili. Kasimama mlangoni.

"Mzee, hii imevaa nini?"

"Koti."

"Siku zote?"

"Siku zote. Marehemu hakutaka ikae uchi."

Kacheka mpaka akakaa chini. Anasema feni inapumulia mgongoni, na koti limeziba kote. Hata mimi nikizibwa pua hivyo, nitazimika. Mke wangu aliipenda mashine ile mpaka akainyima hewa! Na mimi, mume mtiifu, kila nikimaliza kuipoza naivalisha tena.

Ama nilivue, ama nilitoboe mgongo. Nimechukua mkasi wake wa vitambaa. Mkasi huo nilikatia karatasi mara moja tu, nikanuniwa wiki nzima. Nimeushika, nimeurudisha. Koti nimelitundika kwenye msumari. Samahani, mama.

Binti kacheka kwenye simu. Kasema, baba, ukifika mwisho niambie mama alisemaje. Nimeahidi kesho. Nimekata simu ndipo nikajijua – naogopa. Ikizimika, huwa bado kuna mbele. Isipozimika itafika mwisho, na baada ya hapo hatakuwa na neno jipya kwangu.

Jumatatu, 10 Juni
Naandika huku inacheza. Shingo imepita. Kwapa limepita. Mashine ni baridi, natia mkono mgongoni kila mara. Sasa niko mahali ambapo sijawahi kufika.

Mkono wa gauni. Anasema acha nafasi ya mshono, kitambaa kikishakatwa hakirudi. Anakohoa kidogo. Anakunywa maji. Halafu –

"Baba watoto! Njoo unishikie hapa, kinateleza!"

Nimeinuka kwenye kiti. Nimeinuka kweli!

Na sauti ya mtu kutoka barazani: "Nakuja!" Ni yangu. Kama ya kijana, imeshiba. Siikumbuki siku hiyo hata kidogo.

Ameweka mkasi mezani. Tii, tii, lile bomba. Nategea nyayo zangu. Gazeti linafunuliwa barazani. Mvua. Hakuna nyayo.

"Haya mwanangu," anasema, wala hana hasira, "tumngoje baba yako."

Tunamngoja. Bado hajafika.