Macho ya Utomvu wa Mgomba

Tumpe,

Wamekuzika juzi, na mimi nilisimama nyuma kabisa, penye uzio, wanaposimama waliotengwa na kanisa. Unapajua mahali hapo, maana ni wewe uliyenipeleka. Nakuandikia nikiwa na hasira, sitakudanganya. Kulia nililia, ila mpaka sasa sijui nilikuwa namlilia nani kati yetu wawili.

Mwanao Sekela hajambo, lakini hali chakula. Amejilaza kwenye kitanda chako na khanga yako ya kijani, akisemeshwa anaitikia kwa kichwa. Mvua hazijaanza, huku Mbalizi vumbi limejaa hadi kwenye sufuria. Memsabu wetu wa Mbeya, yule Mzungu tuliyemfanyia kazi, amehamia Iringa na watoto wake. Sidhani kama amesikia habari zako. Na hata akisikia, atauliza tu, Tumpe yupi.

Nakumbuka mwaka ule, uliofuata sherehe za kutawazwa Malkia wa Uingereza. Wewe ulikuwa yaya wa watoto wa Memsabu, na dobi alipokwenda migodini kusini ukanitafutia mimi kazi ya kufua. Niliringa mtaa mzima kwa ajili yako. Oktoba ilipokuwa inaisha Memsabu akatuita verandani, akatueleza sikukuu yao ya Halowini, jioni ambayo watoto wa Kizungu hujivika kama mizuka na kuomba peremende. Alitaka bustani itishe. Mapambo ya kuagiza kwa meli ni ghali, akasema, tumieni vilivyopo. Tulikimbilia jikoni kucheka. Watu wanaotuhubiria tuache mizimu, sasa wanatuajiri tuwatengenezee!

Lakini tulitengeneza, Tumpe, na tulitengeneza vizuri. Tulileta maboga ya akiba, yale magumu yaliyokaa darini tangu mavuno. Tulitoboa macho na meno kwa kisu cha mkate, nyama ya boga tukaipika, mbegu tukazirudisha nyumbani kwa kupanda. Memsabu alibaki na maganda tu na akafurahi mno. Mpira chakavu wa tairi tuliukata maumbo ya popo. Vibendera vya Malkia vilivyobaki tangu zile sherehe tulivichovya kwenye maji ya masizi, tukavitundika kwenye miti vikiwa vyeusi, na wewe ukasema, "Malkia akituona leo, mwe, tumekwisha!"

Kilichobaki ni mzuka mkubwa wa getini. Memsabu alikataa kutoa shuka hata moja. Kesho yake ukaja na kitambaa cha pamba, amerikani nyeupe, mpya, imekunjwa. Ukasema Mwarabu wa duka la sokoni amekupa, ni bidhaa iliyokaa sana. Nilitaka kuikata, ukanishika mkono. "Usikate, Subi. Tuitandaze tu." Basi nikapika wanga wa uji mzito, nikakichovya kitambaa, nikakitandaza juu ya boga lililochomekwa kwenye nguzo mpaka kikakauka na kusimama chenyewe. Kisha nikachora macho. Masizi matupu yangetiririka kwa umande, kwa hiyo niliyachanganya na utomvu wa mgomba. Wewe ulikuwa ndani unaogesha watoto. Ulipotoka ukayaona, ulishika kifua. "Umeweka utomvu?" Nikakucheka, nikidhani umeogopa mzuka.

Kila mfuaji anajua utomvu wa mgomba hautoki. Wewe pia ulijua.

Watu waliokuwa wanakwenda sokoni waliuona mzuka ule kupitia kwenye ua, wengine wakakimbia na mizigo yao. Mji mzima ulijua ni kazi ya mikono yangu. Kisha bibi mmoja mzee wa kwaya akafariki, akina mama wa kanisa wakafungua sanduku la sanda, lile tunalochangia ili asizikwe mtu bila nguo, na sanda haikuwemo. Ufunguo ulikuwa nao wewe. Wote walikugeukia. Na wewe, rafiki yangu, uliyekula nami boga kwenye sufuria moja, ulitazama sakafu ukasema, "Muulizeni Subi. Si ndiye alikuwa na amerikani nyeupe kule kwa Mzungu?"

Nilisema ukweli hapo hapo, kwamba wewe ndiye uliyeileta. Nani angeniamini? Mwizi wa sanda, aliyeyavisha maboga nguo ya marehemu ili Wazungu wacheke. Nikaondolewa kwenye Meza ya Bwana, nikatengwa.

Jioni ile ulikuja kwangu unalia. Ukasema uliiazima tu kwa ajili ya mzuka, ukidhani utairudisha sandukuni ikiwa imefuliwa, hakuna atakayejua, macho yangu ya utomvu ndiyo yaliyokuharibia. Macho yangu! "Nivumilie, Subi. Sekela akishapata kipaimara nitasema mwenyewe." Sekela akapata kipaimara. Ukasema tusubiri mavuno. Mavuno yakaja, ukasema afya yako haiko sawa. Nami nilingoja, kwa kuwa nilikupenda, na kwa kuwa uliniletea chumvi na sabuni mlango wa nyuma wakati wengine hawanisalimii.

Halafu mama yangu akafa. Hilo ndilo nisiloweza kulisahau, Tumpe. Akina mama wa kanisa hawakuja. Mama aliyechangia sanduku lile tangu lilipoanza, alioshwa na mimi na dada yangu peke yetu, tukamfunga kwenye shuka yangu yenye viraka. Wewe ulipita barabarani na kikapu chako. Nilikuona. Ulitembea haraka.

Juzi asubuhi Sekela alikuja kwangu mbio na kifurushi. "Mama mdogo, mama alisema akifa hii iletwe kwako uipige pasi, asiguse mtu mwingine, na ndiyo azikwe nayo." Nikafungua. Ni ile amerikani, imefuliwa ikachakaa, imewekwa majani makavu dhidi ya nondo, na katikati macho mawili ya kahawia yananitazama. Sekela akauliza madoa yale ni ya nini. Nikamjibu, utomvu.

Kwa hiyo ulisema. Ulisubiri mpaka hakuna awezaye kukutazama usoni, ndipo ukasema. Hata maungamo yako umeniachia mimi niyafue na kuyapiga pasi! Nikiyaonyesha, jina langu linarudi na mwanao anaaibika juu ya maiti ya mama yake. Nikiyaficha, naendelea kuwa mwizi. Ulijua nitachagua nini. Ndiyo maana ulinipa mimi.

Niliwasha pasi ya mkaa, nikainyoosha, nikaja nayo kwako. Akina mama walikwisha kukuosha, walikuwa nje wakimpokea mchungaji. Nikamtuma Sekela maji, nikakufunika nayo mwenyewe. Waliporudi mmoja wao akanguruma, "Nani amemruhusu huyu kugusa maiti?" Nikatoka nje.

Sasa sikiliza ahadi yangu, maana mimi nikiahidi natimiza. Matanga yakiisha nitamketisha Sekela, nimwambie taratibu, asije akasikia kwa mtu mwingine. Kisha nitasimama mbele ya akina mama, sina kitambaa, sina shahidi, nina mdomo tu, nami nitalitaja jina la mama yangu kabla ya lako. Wasiponiamini nitarudi penye uzio. Chumvi uliyoniletea nitamrudishia Sekela, awe na pa kula kwangu. Kukusamehe bado. Siku nikikusamehe nitakuja kaburini nikwambie, na nisipokuja ujue bado.

Lala, Tumpe. Yale macho sikuyaelekeza kwa watu. Niliyageuzia ndani, juu ya uso wako, yakutazame wewe.

Subi